Kigothi kinajulikana kwa kiasi gani? Namna lugha iliyokufa inavyosomwa na kujengwa upya

Anayeanza leo kujifunza Kigothi, lugha ya kale ya Ulaya iliyo jamaa moja na Kijerumani na Kiingereza, hukabidhiwa kitabu cha sarufi kinachoonekana kamili. Kina majedwali ya nomino, minyambuliko ya vitenzi, kanuni za matamshi na faharasa ya maneno mwishoni, kwa mpangilio uleule anaouona mwanafunzi wa Kifaransa au Kiarabu. Ukamilifu huo unahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndani ya jedwali moja huwa yamechanganyika mambo ya aina tofauti kabisa: maumbo ambayo Wagothi wenyewe waliyaandika, maumbo ambayo wataalamu wameyajaza kwa kufuata kanuni, na maneno ambayo hayamo katika andiko lolote bali yamejengwa kwa kulinganisha lugha za jamaa moja. Juu ya hayo yameongezeka, hasa katika miongo ya karibuni, maneno yaliyobuniwa na wapenzi wa lugha hiyo kwa ajili ya vitu ambavyo Wagothi hawakuvijua. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kujifunza Kigothi vizuri ni kujifunza kutenganisha tabaka hizo, na kwamba mtu asiyezitenganisha hajifunzi Kigothi bali kitu kinachofanana nacho.

Tuanze na kile kilichopo. Katika karne ya 4 sehemu ya Wagothi waliishi kaskazini mwa mto Danube, mpakani mwa Dola ya Roma. Miongoni mwao alizaliwa Wulfila, mnamo mwaka 311, katika familia ambayo wazee wake walikuwa Wakristo kutoka Kapadokia waliotekwa na Wagothi katika uvamizi. Alipewa uaskofu mnamo mwaka 341, na baada ya miaka michache ya kuhubiri alivuka mto pamoja na wafuasi wake waliokuwa wakiteswa, wakakaa katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Bulgaria. Huko alitafsiri Biblia kutoka Kigiriki, na kwa ajili ya kazi hiyo alibuni alfabeti yenye alama 27, nyingi zikiwa zimetokana na herufi za Kigiriki, nyingine na za Kilatini na za runi, yaani maandishi ya kale ya watu wa kaskazini. Alama mbili kati ya hizo hazikuwa na sauti, zilitumika kuandika tarakimu 90 na 900 tu. Mwanahistoria Philostorgius anasema kwamba Wulfila hakutafsiri vitabu vya Wafalme kwa kuwa Wagothi walipenda vita mno na hawakuhitaji kuchochewa zaidi.

Nakala ya mkono wake mwenyewe haijapatikana. Tunachosoma ni nakala zilizoandikwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, nyingi zikiwa za Italia ya mwanzoni mwa karne ya 6, wakati ufalme wa Waostrogothi, yaani Wagothi wa mashariki, chini ya Theodoric ulipokuwa na makao yake Ravenna. Mashuhuri kuliko zote ni Codex Argenteus, yaani Kitabu cha Fedha, chenye Injili nne zilizoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Kilikuwa na karatasi 336, na sasa zimebaki 188. Kati ya hizo, 187 zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, ambako zilifika baada ya jeshi la Uswidi kukichukua kitabu hicho Prague mwaka 1648, kikapitia Uholanzi, kisha mtukufu mmoja wa Uswidi akakinunua na kukitoa kwa chuo hicho mwaka 1669. Karatasi ya 188 ilipatikana mwaka 1970 katika kanisa kuu la Speyer, Ujerumani.

Nyaraka za Paulo zilisalia kwa njia nyingine. Ufalme wa Waostrogothi ulivunjwa na majeshi ya Konstantinopoli katikati ya karne ya 6, na mwaka 589 Wavisigothi, yaani Wagothi wa magharibi, wa Hispania nao waliacha mafundisho ya Ario, padre aliyefundisha kwamba Mwana si sawa na Mungu Baba, waliyokuwa wameyashika tangu siku za Wulfila. Vitabu vya Kigothi vikawa havina wasomaji tena, na mafundisho ya wenyewe yalihesabiwa kuwa uzushi. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, kwa hiyo watawa walikwangua maandishi ya zamani na kuandika juu yake vitabu vya Kilatini. Mwaka 1817 Angelo Mai, aliyekuwa mtunza maktaba huko Milano, aliyatambua maandishi ya Kigothi chini ya Kilatini katika miswada iliyotoka kwenye monasteri ya Bobbio, na kutoka huko tumepata sehemu kubwa ya nyaraka, kurasa chache za ufafanuzi wa Injili ya Yohana, na vipande vya Nehemia, ambavyo ni karibu yote yaliyobaki ya Agano la Kale.

Nje ya mambo ya dini mabaki ni machache mno, na ndiyo maana kila moja lina uzito. Ninalolipenda zaidi ni hati ya mafunjo ya mwaka 551 kutoka Ravenna, ambayo sasa imo Napoli. Ni mkataba wa Kilatini ambao mapadre wa kanisa moja la Wagothi waliuingia ili kulipa deni, na baadhi yao walitia sahihi kwa lugha yao. Mmoja, Ufitahari, anaanza hivi: *ik Ufitahari papa ufmelida handau meinai*, yaani, mimi padre Ufitahari nimeandika hapa chini kwa mkono wangu, kisha anataja shilingi walizopokea, *skilliggans*. Katika mstari huo hakuna Kigiriki kinachofuatwa. Ni mtu anayeandika lugha yake kwa ajili ya fedha na sheria, na kila mara ninaposoma Biblia ya Wulfila hujiuliza ni sentensi zipi ambazo Ufitahari angezisema vivyo hivyo.

Swali hilo ndilo gumu kuliko yote katika sarufi ya Kigothi. Wulfila alifuata Kigiriki kwa ukaribu mkubwa, mara nyingi neno kwa neno, hata mpangilio wa sentensi ukawa wa Kigiriki. Basi ushahidi wenye thamani uko mahali ambapo mtafsiri alilazimika kuiacha asili yake. Chukua Marko 10:35, ambapo Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanamwendea Yesu na kumwambia wanataka awafanyie lolote watakalomwomba. Kigiriki cha Agano Jipya kina umoja na wingi tu. Kigothi kinaandika *þatei þuk bidjos, taujais uggkis*. Hapo *bidjos* ni "sisi wawili tunakuomba", na *uggkis* ni "sisi wawili" katika umbo la kutendewa. Lugha ilikuwa na uwili, kama ule ambao waliosoma sarufi ya Kiarabu wanaufahamu, na ulikuwa hai kiasi kwamba mtafsiri aliutumia hapa ingawa Kigiriki alichokifuata hakikuwa nao. Hapa tunamsikia Mgothi. Vivyo hivyo katika kauli ya kutendwa: Kigothi kinasema *haitada* kwa neno moja, kama Kiswahili kisemavyo "anaitwa", ilhali Kiingereza na Kijerumani hulazimika kutumia kitenzi kisaidizi.

Matamshi nayo yana ushahidi wake, ingawa hakuna aliyewahi kusikia sauti ya Mgothi. Njia kuu ni kuangalia namna majina ya kigeni yalivyoandikwa. Petro, kwa Kigiriki Petros, anaandikwa *Paitrus*. Mtume, *apostolos*, anaandikwa *apaustaulus*. Kwa kuwa tunajua Wagiriki wa wakati ule walitamka e na o fupi katika maneno hayo, tunajua pia kwamba *ai* na *au* za Kigothi ziliweza kuwa e na o. Kama ziliweza vilevile kuwa irabu mbili zilizoungana katika maneno ya asili ni mjadala wa muda mrefu, na vitabu vya sarufi huweka alama za mkazo juu ya herufi kuonyesha maoni ya mwandishi. Alama hizo hazimo katika miswada. Herufi *þ* ni th ya "thelathini". *D* baina ya irabu inadhaniwa kuwa ililainika ikawa kama dh ya "dhahabu", na *g* kama gh ya "ghali". Mzungumzaji wa Kiswahili aliyezoea sauti hizo tangu utotoni ana kazi ndogo hapa kuliko Mjerumani.

Sasa tufike kwenye mapengo. Nomino ya Kigothi hubadilika mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. "Siku" ni *dags* ikiwa mtenda, *dag* ikiwa mtendwa, *dagis* ikimiliki, *daga* ikipokea, na katika wingi *dagos, dagans, dage, dagam*. Neno hili ni la kawaida, kwa hiyo tunalijua vizuri. Lakini nomino nyingi zimeandikwa mara moja au mbili tu, katika umbo moja. Mwandishi wa sarufi anapojaza maumbo yaliyobaki kwa kufuata mfano wa *dags*, anafanya ujenzi upya wa daraja la kwanza, na kwa kawaida yuko salama, maana lugha huwa na utaratibu. Hata hivyo amejaza yeye, hakusoma.

Daraja la pili ni maneno ambayo hayapo kabisa. Biblia ni kitabu kipana, lakini si kamusi, na sehemu yake kubwa kwa Kigothi imepotea. Matokeo yake yanashangaza. Neno la kawaida la baba ni *atta*, ndilo linaloanza Sala ya Bwana: *Atta unsar þu in himinam*. Neno *fadar*, lenye asili moja na lile la Kijerumani na la Kiingereza, limeandikwa mara moja tu, katika Wagalatia 4:6. Mama ni *aiþei*, na neno la Kigothi ambalo lingelingana na *Mutter* la Kijerumani halionekani popote. Je, lilikuwapo likiwa la heshima zaidi, au la kizamani, au lilikuwa limekwisha kutoweka? Katika isimu neno la namna hiyo huandikwa na kinyota, modar*, na kinyota hicho ni tamko kwamba hakuna Mgothi aliyeliandika mbele ya macho yetu.

Kinyota hakimaanishi kubahatisha. Tuchukue neno la yai. Katika Luka 11:12 Yesu anauliza kama baba atampa mwanawe nge anapoombwa yai, kwa hiyo ni wazi kwamba tafsiri ya Wulfila ilikuwa na neno hilo. Lakini Luka ya Kigothi inakatika katika sura ya 10 na kuanza tena katika sura ya 14, kwa sababu karatasi za katikati zimepotea. Inabidi kuzunguka. Kwa Kiskandinavia cha kale yai ni *egg*, kwa Kijerumani ni *Ei*. Mahali pengine ambapo Kiskandinavia kina *ggj*, na Kijerumani kina irabu nyepesi ya i au y, Kigothi kina *ddj*: "ya wawili" ni *tveggja* kwa Kiskandinavia na *zweio* kwa Kijerumani cha kale, lakini kwa Kigothi ni *twaddje*, na hili limeandikwa. Uhusiano huo ni wa kanuni, kwa hiyo yai lilipaswa kuwa na *ddj* vilevile. Nomino za jinsi yake, kama *kuni*, "ukoo", ambayo wingi wake ni *kunja*, hugeuza j kuwa i inapokuwa mwishoni mwa neno katika umoja. Tunapata addi*, na wingi addja*.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu wa njia hii. Kiswahili kina "mtu", Kikuyu "mũndũ", Kiganda "omuntu", Kinyarwanda na Kirundi "umuntu". Anayeyaweka maneno haya pamoja huona kwamba Kiswahili kimeidondosha n iliyobaki kwa majirani zake, na kwamba mzizi wa zamani ulikuwa -ntu*. Carl Meinhof, aliyechapisha mwaka 1899 kazi yake ya kulinganisha sauti za lugha za Kibantu, alitumia mbinu zilizokwisha kukomazwa kwenye lugha za Ulaya, na Kigothi kilikuwa miongoni mwa nguzo za mbinu hizo kwa sababu maandishi yake marefu yanatangulia yale ya Kiingereza na Kijerumani kwa karne kadhaa. Kuna tofauti moja nzito. Ndugu wa Kiswahili wako hai na mtafiti anaweza kwenda kuwauliza. Ndugu wa karibu wa Kigothi, yaani lugha za Wavandali na Waburgundi, wamekufa wote na kuacha karibu majina ya watu tu. Anayekijenga upya Kigothi anawauliza binamu.

Kwa yai, hata hivyo, kuna shahidi mwingine. Katikati ya karne ya 16, Ogier Ghiselin de Busbecq, Mflemi (mtu wa Flanders, katika Ubelgiji ya leo) aliyekuwa balozi huko Konstantinopoli, alisikia kwamba katika rasi ya Krimea wapo watu wanaosema lugha ya kigermaniki, yaani ya jamaa moja na Kijerumani. Aliletewa watu wawili. Mmoja alikuwa na asili ya huko lakini alikuwa ameisahau lugha; mwingine alikuwa Mgiriki aliyejifunza kuisema kwa kukaa na wenyewe. Kutoka kwa huyo wa pili Busbecq aliandika maneno yapatayo 80 na wimbo mfupi, yakachapishwa mwaka 1589. Mkono ni *handa*, damu ni *plut*, na yai ni *ada*. Hiyo d katikati ya *ada*, ambayo haipo kwa Mjerumani wala kwa Mskandinavia, ni ile hasa ambayo kanuni ilikuwa inaidai. Tahadhari inahitajika: maneno yalipita kwenye kinywa cha Mgiriki na sikio la Mflemi, yapata miaka 1,200 baada ya Wulfila, na lugha ya Krimea ilikuwa imejichukulia mengi kutoka kwa majirani, hata mia ikawa *sada* na elfu *hazer*, maneno ya jamaa ya Kiajemi. Lakini katika neno hili ushahidi wa pande mbili unakutana, na sioni sababu ya kuwa na shaka na addi*.

Si kila neno lenye kinyota lina mashahidi wa namna hiyo, na wakati mwingine andiko jipya hutoa ambacho hakikuwapo. Karatasi ya Speyer iliyopatikana mwaka 1970 ina mwisho wa Injili ya Marko, na ndiyo iliyoleta neno *farwa*, "umbo, sura", ambalo halikuwa limeonekana katika Kigothi kabla ya hapo, ndugu wa *Farbe* la Kijerumani, "rangi". Mwaka 2013 vilichapishwa kwa mara ya kwanza vipande vya Bologna, vilivyokuwa vimefichwa chini ya maandishi ya Augustino, vyenye nukuu nyingi za Biblia zikiwemo za Agano la Kale. Mwaka 2015 yalisomwa maandishi yaliyokwaruzwa juu ya mawe huko Mangup, Krimea, yakithibitisha kwamba Kigothi kiliandikwa huko kwa alfabeti ya Wulfila karne kadhaa baada ya kunyamaza Italia. Kila ugunduzi wa namna hiyo ni mtihani kwa wajenzi: maumbo yao ya kukisia huwekwa kando ya maumbo halisi.

Linabaki tabaka la juu, la utunzi mpya. J. R. R. Tolkien, aliyekuwa mtaalamu wa lugha za kale huko Oxford, alitunga shairi la Kigothi liitwalo *Bagme Bloma*, "Ua la Miti", lililochapishwa mwaka 1936. Linausifu mti wa gome jeupe wa nchi za baridi ambao Wajerumani huuita *Birke*. *Bagms*, mti, na *bloma*, ua, yote yameandikwa na Wulfila. Jina la mti wenyewe halimo, kwa hiyo alilijenga: *bairka*. Ana msingi, maana lugha zote za jamaa zina neno hilo, na mswada mmoja ulioko Vienna, wa zama za Karoli Mkuu, unaitaja herufi ya b ya Kigothi kwa jina *bercna*. Mwaka 2015 ilitoka tafsiri ya Kigothi ya hadithi ya Kiingereza ya Alice, msichana anayeingia katika nchi ya ajabu, na kuna Wikipedia ya Kigothi, ambako inabidi kuandika juu ya nchi, mashine na sayansi.

Kazi hizo nazithamini, na nadhani wanaozibeza hawajajaribu kuandika hata aya moja kwa lugha hiyo. Lakini ugumu wake usifichwe. Katika Kiswahili wataalamu walipendekeza "tarakilishi", na wazungumzaji walio wengi wakaendelea kusema "kompyuta". Neno lilipimwa na wenye lugha. Kwa Kigothi hakuna wa kupima. Mwongozo pekee ni tabia ya Wagothi wenyewe walipokutana na jambo jipya, na tabia hiyo tunaiona. Walichukua neno la kigeni lilivyo kwa mambo ya kanisa: *aggilus*, malaika, *aikklesjo*, kanisa. Lakini mara nyingi zaidi waliunganisha maneno yao. Dirisha ni *augadauro*, jicho na mlango. Sanamu ya kuabudiwa ni *galiugagud*, mungu wa uongo. Tamaa ya mali ni *faihugairnei*, kutoka *faihu*, mifugo au mali, na mzizi wa kutamani. Mbunifu wa leo anayeunganisha maneno yaliyoandikwa, kwa viambishi vilivyoandikwa, anatembea katika njia hiyo. Anayechukua neno la Kijerumani cha leo na kulivisha mwisho wa Kigothi haifuati.

Kwa anayetaka kuanza, andiko la Marko ndilo bora, kwa kuwa sentensi zake ni fupi na sehemu yake kubwa imesalia. Asome toleo la Wilhelm Streitberg, lililotoka mara ya kwanza mwaka 1908, ambalo lina Kigiriki ukurasa wa pili, akiwa na sarufi ya Joseph Wright ya mwaka 1910 mkononi. Maandishi yote na uchambuzi wa kila neno yamewekwa pia kwenye mtandao na Chuo Kikuu cha Antwerp, bila malipo. Daftari lake la maneno aligawe tangu siku ya kwanza. Kwa kila neno aandike limetokea wapi, kitabu, sura na aya, na katika umbo lipi hasa. Yale aliyoyajaza kwa kanuni ayawekee alama yake. Na yaliyojengwa kutoka kwa binamu ayape kinyota, na kando yake ataje ni binamu wapi waliotoa ushahidi. Addi*: Kiskandinavia *egg*, Kijerumani *Ei*, Krimea *ada*, linganisha *twaddje*. Mstari wa namna hiyo unampa msomaji mwingine uwezo wa kulikubali neno hilo au kulipinga.